Mwaka Tulipowapisha Samaki

Riziki mwanangu,

Umekwenda Mwandiga kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua hatakuachia mpaka ule mara mbili. Baba yako ameteremka stesheni kuulizia treni ya kesho. Nyumba imenyamaza. Nimekaa uani kwenye kivuli cha ukuta, magoti yananiambia nisiinuke, basi nimeona niandike.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala kufunga mlango kwa ndani. Hayo nimekuimbia tangu unatambaa. Kama hayakuingia kwa masikio, hayataingia kwa karatasi.

Nataka kukuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema siku uliyopata habari ya kazi. Ulikuja mbio kutoka barabarani, ukanikumbatia na mikono yangu ina dagaa, ukasema, "Mama, nitakuwa kama wewe. Kule kwenye bwawa nitasimama mbele ya wajenzi niwaambie samaki kwanza!" Nikacheka kwa kuwa ulikuwa unacheka. Halafu nikaingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Wewe hadithi ile unaijua kama wanavyoisimulia kule kijijini, kwenye mdomo wa mto Lugera. Kwamba Mama Riziki alisimama mkutanoni, mashine zikazimwa, samaki wakapanda mto. Ni kweli. Hakuna aliyekudanganya. Lakini ni kweli iliyokatwa mkia, na kwa kuwa unakwenda kufanya kazi ya aina ile ile, kulinda samaki na wanyama mahali watu wanapojenga umeme, sipendi uende na kipande.

Nianze na umeme wenyewe, maana watu wakisikia nilisimamisha ujenzi hudhani nilikuwa naupinga. Mimi nilikuzaa wewe gizani. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshika simu kwa meno, tochi inamulika, mikono yake yote miwili inakushughulikia wewe. Mate yalikuwa yanamtiririka kidevuni, hawezi kuyafuta. Ulipolia, akaitema ile simu kitandani, akasema, "Jamani, mtuletee taa." Kwa hiyo walipokuja wapimaji na miti yao yenye rangi nyekundu na nyeupe, wakasema watajenga ukuta pale juu ya maporomoko madogo na kuyaingiza maji kwenye mfereji hadi kwenye mitambo, mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele.

Lakini mimi pia nilikulia kwenye mto ule. Mama yangu alikuwa anabanika samaki, na mimi baada yake. Kila mvua za kwanza zikinyesha milimani, maji yakawa mekundu kama chai, samaki tunaowaita mbaraga walitoka ziwani wakapanda Lugera kwenda kutaga kule juu kwenye changarawe. Ulikuwa ukisimama penye maporomoko unawaona wakiruka, wanaanguka, wanaruka tena. Watoto tulikuwa tunawahesabu wanaoshindwa na kuwazomea. Hatukuwaza kwamba siku moja watashindwa wote.

Ndipo akaja Bi Tatu. Unamkumbuka kidogo, alikupa biskuti. Huyo alikuwa mtaalamu wa samaki aliyeletwa na mradi, mwanamke mnene mwenye kupenda kucheka, na alitembea mto mzima kwa miguu pamoja na sisi. Aliuliza kila kitu. Mbaraga wanapita upande gani wa mwamba? Viboko wanatokea wapi kwenda kula majani? Fisi maji bado wapo? Alipomaliza, tukakaa na wenye mradi, na hawakuwa watu wabaya. Wakakubali kujenga ngazi ya samaki ubavuni mwa ukuta, vidimbwi vya zege vinavyopandiana ili samaki wapumzike wakipanda. Wakakubali kuacha maji yatiririke kwenye mto wa zamani wakati wote, hata kiangazi. Wakakubali kuweka wavu wa vyuma kwenye mdomo wa mfereji samaki wasivutwe na mitambo, na kutokata msitu wa ukingoni. La mwisho lilikuwa hili: msimu mbaraga wanapopanda, hakuna mtu kufanya kazi ndani ya mto. Hakuna tuta, hakuna baruti, hakuna mashine ya kijiko kuchimbua matope.

Kijiji kikanichagua mimi niwe mfuatiliaji. Nilijivuna, sikufichi. Mwanamke wa kubanika samaki ninapita getini na kofia ngumu kichwani, walinzi wananiamkia.

Baba yako wakati huo nyavu zake zilikuwa zimekwisha. Alikuwa akiokoteza safari kwenye mitumbwi ya wenzake, analeta dagaa wa kula tu. Mradi ulipoanza kuajiri akaenda kama saidia fundi, na kwa kuwa anajua maji, wakampandisha akawa kiongozi wa genge la mtoni, wale waliopanga mifuko ya mchanga iwe tuta la kuyazuia maji ili zege limwagwe pakavu. Wewe ulikuwa mdogo. Alikuwa akirudi amejaa vumbi la saruji, unamchora kwa kidole mkononi, samaki, nyumba, jua, naye anakaa hataki kuoga mpaka umalize. Tulipaua bati mwaka ule. Tulinunua godoro. Mwanangu, sijui kama nitaweza kukueleza ilikuwaje kumuona baba yako anatembea njiani kichwa kiko juu. Nilikuwa nimekwisha sahau kwamba ni mrefu.

Kisha kazi ikachelewa. Mashine fulani ilikwama bandarini, ikaja muda umepita, na mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Kongo. Ukuta ulikuwa haujafika mahali pa kuachwa. Injinia wa eneo la ujenzi, yule kijana mwembamba wa miwani, akaniita akaniambia, "Mama Riziki, nipe wiki chache tu ndani ya mvua. Nikisimama sasa, sehemu ya tuta itachukuliwa na maji, nitaanza upya. Na genge la mtoni sina pa kuliweka. Itabidi warudi nyumbani bila malipo mpaka maji yapungue."

Nikarudi nyumbani nikampigia simu Bi Tatu, yuko mbali. Akasema, "Dada, tulikubaliana wasimame. Tuta likiwa limeziba mto mzima, mbaraga watakaa chini yake mpaka mayai yawaozee tumboni. Nitawaandikia wakubwa, lakini mpaka wajibu mvua itakuwa imekwisha. Mimi siko hapo. Wewe uko hapo."

Injinia akaitisha mkutano wa kijiji na wafanyakazi, ufanyike kesho yake pale pale kwenye ujenzi.

Sasa nisikilize vizuri. Jioni hiyo baba yako alikuja nyumbani akiwa na furaha. Alileta samaki, mgebuka mkubwa, nikaupika kwa mawese kama anavyopenda. Tukala. Akawa anasema akiendelea na kazi mpaka mwakani atanunua mashine ya boti, aache kupiga kasia, awe na mtumbwi wake na vijana wake. Wewe ulilala mapajani mwake huku mdomo una chakula. Mimi nilikuwa najua kabisa nitakachosema kesho. Nilikuwa nimekwisha kukipanga kichwani neno kwa neno. Nikamuongezea ugali. Nikamuuliza kama pilipili inatosha.

Sikumuuliza jambo lenyewe. Nilijiambia amechoka, nimwache ale kwa raha. Uongo. Niliogopa kwamba nikimuuliza atakataa, na akikataa nitakuwa sina la kufanya. Asiyeuliza hakataliwi. Ndivyo nilivyojiona mjanja.

Kesho yake watu walijaa. Injinia akaeleza vizuri, hakuficha kitu. Wanaume wakasema kazi iendelee. Nilipoomba nafasi, nikawaeleza habari za mayai na changarawe, na kwamba tukikosa mwaka mmoja tutakula hasara miaka mingi. Wakasikiliza kwa adabu. Halafu mume wa Mama Shukuru, jirani yetu, akasimama akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama Riziki, wewe ni rahisi kusema. Njaa haiko kwako. Sisi ndio tutakaorudi nyumbani kuangaliana na watoto."

Nami nikajibu papo hapo, "Wa kwanza kurudi nyumbani ni mume wangu. Kuanzia kesho haji kazini. Muulizeni."

Riziki, hakuna aliyemuuliza. Watu wote waligeuka wakamtazama. Alikuwa amesimama karibu na mashine ya kuchanganyia zege, na wenzake wa genge la mtoni wamemzunguka, wale aliokuwa akiwaongoza. Alinitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile. Hakukuwa na hasira machoni mwake, ingekuwa hasira ningejua la kufanya nayo. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na mtu asiyemfahamu. Kisha akasema polepole, "Aliyosema mke wangu mmeyasikia," akaondoka.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kubisha. Mfuatiliaji amemtoa mumewe, wewe utasema nini? Injinia akafunga kazi ya mtoni. Wakafungua tuta katikati wenyewe kabla maji hayajalibomoa. Mvua ikanyesha, Lugera ikawa nyekundu, na mbaraga wakapanda. Kijiji kizima kilikwenda kuangalia. Wewe nilikubeba begani, ulipiga makofi. Watu walinishika mkono. Bi Tatu alilia kwenye simu. Nilimtafuta baba yako kwenye umati ule, sikumuona.

Hakunipigia kelele. Hilo ndilo lililonichosha. Alikuwa akiamka, anachukua jembe, anakwenda, anarudi, anakula, analala. Kijijini walimpa jina, wakamwita Shemeji Samaki, eti ameoa kwa samaki. Vijana walikuwa wakimpita wanamuuliza, "Mzee, leo injinia wa nyumbani ameruhusu utoke?" Yeye aliyekuwa kiongozi wao. Nilipotaka kuzungumza alisema, "Umeshasema." Neno moja, kisha mlango.

Na njaa ilikuja kweli. Watu walikuwa wameacha mashamba kwa ajili ya mradi, wamekopa, na sasa hakuna mshahara. Siku moja nilimkuta Mama Shukuru bombani. Tumekua pamoja mimi na yeye, alinisuka nilipoolewa. Nikamsalimu, "Mwakeye." Hakuitikia. Alijaza ndoo yake mpaka ikafurika, akaitwika, ndipo akageuka akasema, "Samaki wako wamepita, Mama Riziki. Watoto wangu wamelala bila kitu." Akaenda zake. Nilisimama pale maji yanamwagika kwenye miguu yangu.

Baba yako akavuka ziwa. Alisema anakwenda upande wa Kongo kutafuta kazi kwenye boti za dagaa, mvua zikiisha atarudi. Mvua zikaisha, mradi ukawaita genge la mtoni, wote wakarudi isipokuwa yeye. Wewe ulikuwa ukiongea naye kwenye simu. "Baba utakuja lini?" Unanipa simu, yeye anasema, "Mpe mtoto." Nilikwambia baba anatafuta pesa. Alikuwa anazituma, kwa hiyo haikuwa uongo kabisa. Ulipokua ukawa huulizi tena, na mimi nikashukuru kwa kutoulizwa. Hapo napo nilikosea. Ulikuwa unangoja niseme.

Sasa kuna jambo kuhusu yule Injinia, nalo ulichukue, maana utakutana na wengi kama yeye na unaweza kuwadhania ni adui. Mimi nilimdhania hivyo. Lakini mwaka uliofuata, mfereji ukiwa umechimbwa na uzio haujakamilika, mtoto wa kiboko aliteleza akaangukia ndani. Kuta za zege zilikuwa laini, hawezi kutoka, na mama yake yuko juu anazunguka anakoroma, hakuna anayethubutu kusogea. Injinia alizima kazi yote. Akaamuru magunia ya udongo yamwagwe kutoka upande wa mbali mpaka ikawa kama ngazi ya mteremko, naye mwenyewe akashuka kwenye tope na kamba kiunoni kuyapanga. Miwani yake ilipotelea humo. Yule mtoto akapanda, akamfuata mama yake majanini, na watu wakashangilia kama mpira. Injinia alikaa chini, akaniambia, "Mama, kule juu kila siku wananiuliza nimemaliza mita ngapi. Hakuna anayeniuliza nimeua nini." Toka hapo akajenga miteremko ya kutokea wanyama kwenye mfereji wote, na vivuko vya udongo juu yake, hakusubiri kuambiwa. Nikawaza: siku ile ya mkutano, kama ningekaa naye kwanza, yeye na baba yako na mimi, labda tungepata njia. Labda kazi ya nchi kavu ingepatikana kwa genge la mtoni. Sikukaa naye. Nilitaka kushinda.

Ukuta ukaisha, umeme ukawaka. Siku taa ya zahanati ilipowashwa yule muuguzi aliizima akaiwasha, akaizima akaiwasha, mpaka mganga akamwambia ataiunguza. Nilifurahi, lakini nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilirudi nyumbani nikalala kabla ya ngoma.

Nilidhani sasa kazi yangu imekwisha. Mvua zikaja, mbaraga wakaingia kwenye ngazi yao mpya kama Bi Tatu alivyosema wataingia. Na watu wetu wakasimama kwenye vile vidimbwi vya zege na ndoo. Unajua ilivyo rahisi kumkamata samaki ndani ya kidimbwi? Hata mtego hauhitajiki. Waliwachota wakiwa na mayai tumboni. Mume wa Mama Shukuru alikuwa wa kwanza. Nilikwenda pale nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akaniambia, wala hakuwa mkali, "Ulisema samaki ni wetu. Tuliwalipia kwa njaa. Basi tunakula."

Nikarudi nyumbani, nikakaa siku kadhaa sitoki. Halafu nikaenda kwa Mama Shukuru. Sikwenda kumfundisha kitu. Nilikwenda nikakaa jikoni kwake, yeye anapepeta maharage, mimi nikachukua ungo mwingine nikapepeta. Tukapepeta mpaka maharage yakaisha. Ndipo nikamwambia, "Nisamehe. Nilisema juu ya chakula cha watoto wako bila kuja kwako kwanza." Akasema, "Ungekuja ningekutukana." Nikasema, "Ningetukanwa." Akacheka kidogo, kicheko cha pua. Basi tukaanza kuongea, na katika kuongea tukaona kwamba wavu wa vyuma lazima usafishwe kila siku uchafu unaokuja na mafuriko, na ngazi vilevile, na kwamba mradi ulikuwa unaleta watu kutoka mjini kwa kazi hiyo. Tukaenda kwa Injinia sote wawili. Hakukubali siku ile, wala siku ya pili. Mwishowe wakaajiriwa wale wale wa genge la mtoni, wasafishe na walinde msimu wa kupanda, na ukiisha msimu waruhusiwe kuvua chini kabisa, mbali na ngazi.

Usidhani ndoo zilikwisha. Zilipungua. Mpaka tunahama kuja mjini bado kulikuwa na watu wanaokuja alfajiri, na mara nyingine mlinzi alikuwa ni binamu yao. Na mbaraga si wengi kama wa utoto wangu. Ziwa lenyewe limebadilika, nyavu zimezidi kuwa ndogo macho, vilima vimekatwa miti, mto unashusha udongo. Ukiniuliza tuliokoa nini, sina cha kukuonyesha kwa kidole. Wanapita. Wachache, lakini wanapita. Hakuna atakayekuja kukwambia umeshinda, mwanangu, na siku ukichoka hutakuwa umechoshwa na maadui peke yao. Utachoshwa na watu unaowapenda, nao watachoshwa na wewe.

Baba yako alirudi kiangazi kimoja, wewe uko shuleni bweni. Hakuja nyumbani kwanza. Mama Shukuru ndiye aliyenipa habari, alikuja anahema: "Mumeo yuko ukutani." Nikaenda. Nikamkuta amekaa kwenye ukingo wa ngazi ya samaki, amekonda, nywele zimeingia mvi, anapapasa zege kwa kiganja. Zile hatua za chini alizimwaga yeye kabla ya kazi kufungwa. Nikakaa, si karibu sana. Maji yalikuwa machache, yanapita taratibu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya miaka yote ile.

Yeye ndiye aliyesema. "Ungeniuliza, ningekubali."

Nikamwambia, "Ningejuaje?"

Akasema, "Ndiyo maana watu huulizana."

Tulikaa pale mpaka mbu wakatufukuza. Njiani akatembea mbele yangu kama zamani, akifika penye utelezi anasimama, hageuki, anangoja tu nishike bega lake. Ndivyo alivyorudi. Hapakuwa na sherehe wala wazee wa kusuluhisha. Kuna siku ilikuwa nzuri, kuna siku alinijibu tena kwa neno moja na mlango. Kuhamia huku Buzebazeba kulisaidia, hapa hakuna anayemjua kwa jina la Shemeji Samaki. Wewe uliporudi likizo ukamkuta, ukaona kama kawaida, nasi tukakuacha uone hivyo.

Riziki, sikwambii usisimame mkutanoni. Ningekuwa pale tena ningesema yale yale ya mayai na changarawe, maana mtu asiposema, samaki hana wa kumsemea. Lakini nililipa kwa jina la baba yako, na halikuwa langu. Kule uendako utakuta wanaume na wanawake wanaomwaga zege, na kila mmoja ana mtu anayemchora mkononi akirudi nyumbani. Utakuwa na haki mara nyingi. Haki ni nzito, na ukiibeba haraka haraka huwa unamgonga mtu aliye karibu kuliko aliye mbali.

Na kuna swali nakuachia kwa kuwa nimeshindwa nalo. Kama jioni ile, tukila ule mgebuka, ningemuuliza na yeye akakataa, ningefanya nini? Ningewaachia mbaraga waoze chini ya tuta ili mume wangu atembee kichwa juu? Au ningesema vile vile, nikamvunja akiwa amekwisha kunikataza? Nimeligeuza swali hili miaka mingi, ubavu huu na ubavu huu. Sijui. Huenda nawe utafika mahali pa namna hiyo, na sitaki ufikirie kwamba mama yako aliijua njia ya hapo.

Baba yako amerudi. Anasema treni ya kesho ipo, lakini saa ya kuondoka kila mtu pale stesheni ana yake. Ameuliza naandika nini muda wote huu, nikamwambia. Akavuta kigoda. Hadithi hii ni yake nusu, kwa hiyo nimemwambia nitamsomea kabla sijakupa, na akisema neno lolote litoke, litatoka, nawe hutajua lilikuwa lipi.

Nimemsomea yote. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala. Hakutoa neno. Amesema tu niongeze moja: kwamba jioni ile alikuwa anajua nitakachosema kesho yake. Bi Tatu ana sauti kubwa, simu yangu ilisikika mpaka njiani alikokuwa anapita. Alikula polepole, anasema, na akaomba ugali mara ya pili bila njaa, akinipa nafasi nimuulize.

Nenda salama, mama'ngu. Ukifika, tupigie sisi wote wawili.

Mama yako